Kifungo Chekundu cha Klorini

"Bandua hiyo karatasi, mwanangu, kabla sijaibandua pamoja na kucha zako!"

"Mama, tafadhali, mkaguzi yuko getini," mwalimu wa kemia alisihi.

"Afadhali. Aje anikute nikisema."

Mfagizi wa maabara alikuwa ameshika fagio kama askari wa lindo. Mezani palikuwa na kibao chake, na juu ya kibao karatasi ambayo gundi yake haijakauka: *Kimebuniwa na Mwalimu wa Kemia.*

Miaka ishirini na miwili alikuwa ameisugua sakafu ya chumba hicho, mpaka, ukimsikiliza yeye, walio ghorofa ya chini wakawa wanaziona nyayo zake. Darasani hakuwahi kukaa hata siku moja. Ila madirisha ya maabara yalichelewa ajabu kutakata siku za kipindi cha atomu. Huko dirishani ndiko alikojua kwamba kiini hutulia katikati, na elektroni hukizunguka kwa ngazi: mbili, nane, kisha zinazobaki. Sodiamu inabaki na moja tu nje, inaiona mzigo. Klorini ina saba, inalilia ya nane.

Wanafunzi walipofeli mada hiyo, alikata vifungo vyote vya nguo za marehemu mumewe, ishirini na saba vyeusi, akavipanga kibaoni kwenye miduara ya waya, ya sodiamu na ya klorini. Kile cha mwisho cha sodiamu alikitoa kwenye gauni lake la harusi, chekundu. Ukikisukuma kinateleza hadi kwa klorini. Moja inakuwa chanya, nyingine hasi, ndoano za miduara hiyo miwili zinashikana, chumvi hiyo!

Na huyu mwalimu? Alifika hapo na godoro moja na viatu vya kamba mbili tofauti. Miezi mitatu alikula kwake, akamwita mama bila kuombwa.

"Nani ataamini mfagizi amebuni hiki?" mwalimu alinong'ona, macho sakafuni.

"Wewe. Uliniona nikikata, ukanishikia mkasi."

Mwalimu akaanza kulainisha kingo za karatasi kwa kidole gumba.

"Sodiamu ikitoa chake, klorini hushikamana nayo. Mimi nimetoa, wewe umenipa kisogo."

Akachomoa kifungo chekundu, akakifumbata.

"Mama! Bila hicho hazishikani!"

"Si wewe mbunifu? Buni kingine."

Mlango ukafunguka. Mkaguzi akaingia, akakiinamia kibao, akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Mwalimu, klorini yako ina saba nje, na sodiamu haina cha kuipa. Cha nane kiko wapi?"

Mwalimu akageuza macho polepole kwenye ngumi ya mfagizi.