Joto la Wifi Yangu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ameishi Uarabuni miaka mingi. Alipojifungua, mwezi wa Agosti, alinipigia simu hapa Machakos akaniomba niende nimsaidie kulea. Tiketi alituma yeye. Akaagiza pia ndengu, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na asali, na kwenye uwanja wa ndege mkoba wangu ukapatikana umezidi uzito. Niliufungua pale sakafuni mbele ya watu, nikatoa karibu nguo zangu zote, nikampa mume wangu arudi nazo nyumbani.

Ndani ya ndege nilibanwa katikati ya wanaume wawili. Wa mbele yangu alilaza kiti chake mpaka kikanigusa magoti. Nilimgusa bega nikamwomba akiinue kidogo. Alivuta kitambaa akajifunika macho. Tulipotua, miguu yangu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuingia. Nilishuka ngazi nimevishika mkononi. Ilikuwa asubuhi bado, lakini lami ilinichoma kupitia soksi.

Wifi alinipokea kwa chai, akaziweka ndengu zake kabatini, kisha akanionyesha pa kulala: kichumba nyuma ya jikoni, kando ya mashine ya kufulia. Nyumba nzima ilikuwa na kiyoyozi isipokuwa hapo.

"Wifi, hapa sitapata hewa," nilimwambia.

"Wewe si ni mtu wa Ukambani? Jua umezaliwa nalo."

Yeye mwenyewe alizaliwa Kola, huku huku Ukambani, akachota maji kwenye jua hilo hilo. Jioni wageni walikuja kumwona mtoto, akawarudia maneno yale, wakacheka pamoja, mimi nikiwagawia chai.

Nililala kwenye vigae nimejifunika leso niliyoiloweka maji. Shingo na kifua vilijaa vipele. Mume wangu akipiga simu nilimwambia niko sawa. Nilichokuwa nacho moyoni sikutaka kukimaliza kwa kulalamika. Nilikuwa nikiosha chupa za mtoto huku nikipanga, na kupanga huko ndiko kulikonipa nguvu ya kukaa mpaka tarehe ya kurudi.

Februari iliyofuata wifi alikuja kututembelea, mtoto akiwa amemwacha Kola kwa bibi yake, mvua ikiwa imepotea kabisa. Tuna vyumba viwili vya wageni. Kimoja kina dari na dirisha linalotazama miti. Kingine tulikiongeza baadaye, mabati matupu juu, na jua la alasiri linapiga ukuta wake mpaka lizame. Hicho ndicho nilichokipiga deki, nikatandika shuka mpya, nikaweka na maua mezani. Nilitaka asiwe na la kulalamikia ila joto lenyewe.

"Wifi, hakuna feni?" aliniuliza.

"Iko moja tu, na iko chumbani kwetu. Lakini wewe unakaa jangwani. Hili letu utalisikia kweli?"

Alinitazama, nami nikaona amekumbuka. Sijawahi kufurahia uso wa mtu namna ile.

Mume wangu alinifuata jikoni. "Ile chumba ingine iko na shida gani?"

"Iko na mahindi."

Ilikuwa kweli. Magunia niliyahamishia humo asubuhi ile ile, mume wangu alipoenda kumchukua dada yake.

Wifi hakumaliza wiki. Alifunga mizigo akaenda kwa mama yao Kola, na jioni hiyo mama mkwe akanipigia.

"Umemfanyia nini mtoto wangu?"

"Mama, muulize mimi alinilaza wapi."

Nilimsikia akimuuliza kwa Kikamba. Jibu lilikuwa la sauti ya chini. Mama aliporudi kwenye simu, ukali ulikuwa umemtoka.

"Basi mmelingana. Sasa acheni."

Nilimwambia ndio, mama. Lakini sikuacha. Jumapili tulipokula pamoja Kola, nilimsifia wifi mbele ya mashangazi wote jinsi alivyonitunza Uarabuni, jambo kwa jambo, kichumba na mashine ya kufulia, nikitabasamu. Shangazi mmoja aliweka kijiko chini. Wifi hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

Sasa ana mimba nyingine. Juzi alimwambia mume wangu kwamba safari hii nitapewa chumba kikubwa.

"Mwambie amtafute mtu mwingine," nilisema.

"Amebadilika."

"Ni vizuri."

Alitoka nje na simu yake. Mimi nikaendelea kuchambua maharagwe.