Ini la Dada Yangu

Dada yangu aliposhuka kutoka Kinole mlimani kuja kwangu Kihonda, mjini, macho yake yalikuwa ya njano kama binzari, na tumbo limemjaa kama la mja mzito. Mwaka mzima alikuwa akinywa dawa za mizizi. Hospitalini daktari alimpima, kisha akaniita pembeni: homa ya ini ya virusi, ya miaka mingi, na sasa ini limejaa makovu.

Wodini dada alinishika mkono. "Wewe ndiye mwalimu wa biolojia. Niambie, humo ndani kuna nini?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Kwamba seli za ini hukaa zimebanana, na baina ya seli na jirani yake kuna vitundu vidogo mno. Seli moja ikipata habari kutoka kwenye damu kwamba mwili una njaa, haikai nayo; huipitishia jirani, naye jirani yake, mpaka zote zinatoa sukari kwa pamoja.

"Na zangu?"

"Zako, dada, vitundu vingi vimepotea. Kovu limeingia katikati. Zilizobaki hazisikilizani vizuri."

"Dawa ya kuzisikilizanisha ipo?"

"Haipo."

Aliuachia mkono wangu, akageukia ukutani. Nilitamani ningemdanganya.

Walimtoa maji tumboni, yakajaa tena. Sumu ambazo ini lilishindwa kuzisafisha zikaanza kumpanda kichwani. Asubuhi moja niliingia na uji, akanitazama kwa adabu ambayo hakuwahi kunionyesha, mimi mdogo wake niliyebebwa mgongoni mwake.

"Shikamoo, mama."

Mama yetu alikwishafariki zamani. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. "Marahaba, mwanangu," nikamjibu, nikamnywesha, uji mwingi ukimwagikia shingoni.

Shemeji alipotaka kumrudisha mlimani, daktari hakupinga. Dada alifariki huko kwake, mvua ikinyesha, na kaburi lilichimbwa kwenye tope.

Baada ya msiba nilimchukua binti yake mkubwa akapimwe. Naye anacho kirusi hicho cha ini; huenda alikipata kwa mama yake siku aliyozaliwa. Daktari alisema atakuwa akichunguzwa mara kwa mara.

Tukiwa nje, aliniuliza, "Mama mdogo, ini likianza kuharibika nitasikia wapi maumivu?"

"Ini huwa haliumi mapema," nilimwambia. "Hata mama yako mwanzoni hakusikia kitu."