Nilipandisha volteji ya prosesa, nikaipoteza sauti ya mzee wangu

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu.

Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuandika, ila swali moja tu. Leo naandika yaliyonipata mimi mwenyewe, na siongezi chumvi. Ningeweza kupunguza, ningepunguza.

Mimi ni mtu wa video hapa Kisii mjini. Harusi, mazishi, graduation.

Baba yangu ni mchonga mawe wa Tabaka. Amechonga tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana madaktari walimpata na saratani ya koo. Wakasema lazima wakate, na wakikata, sauti inaenda nayo.

Dada yangu mkubwa, Moraa, ni mwalimu kule Sironga. Shule zilikuwa zimefungwa, akaenda kukaa nyumbani wiki tatu kabla ya upasuaji, akimrekodi mzee kwa simu.

Mzee anaeleza kwa Ekegusii jinsi ya kulijua jiwe kabla ya kuligusa. Jiwe lenye ufa ndani linalia vipi ukiligonga. Hata vile alivyoenda kumposa mama. Masaa sita hivi, jumla.

Moraa akaniletea nimtengenezee filamu. Nikahamisha kila kitu kwa PC yangu. Simu yake ilikuwa imejaa, akaniuliza, "Nifute?"

"Futa tu dada, ziko salama kwangu."

"Una uhakika?"

Nikacheka. Akafuta mbele yangu.

Sasa ndio tufike kwa overclock, kuipandisha prosesa juu ya kasi yake ya kiwandani.

Nilitaka filamu iwe tayari siku mzee anatoka hospitali. Lakini hata kwa kazi zangu nyingine, render, ile kompyuta kuunganisha video iliyohaririwa kuwa faili moja, ilikuwa inatambaa. Prosesa yangu ni ya zamani kidogo lakini ni zile zisizofungwa, unaweza kuipandisha kasi kwa BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka. Nikauliza humu humu ndani. Jamaa mmoja akanijibu: weka kasi 4.8 GHz, volteji 1.42, haina noma.

Hakuniuliza natumia cooler gani kuipoza. Na mimi sikumwambia ni kafeni kadogo nilikokatoa kwa mashine nyingine.

Kabla sijagusa kitu nilipitia kwa Hussein, mwenye duka la vipuri vya kompyuta hapa mjini. Familia yao wamefanya biashara hapa tangu babu yao. Akaniambia, "Panda polepole, megahertz mia moja mia moja. Kila ukipanda, ipime masaa mengi, si dakika. Ukiona inadai volteji zaidi na zaidi, hiyo ni chip inakuambia imefika mwisho. Rudi chini."

Nikamwambia sawa, ile sawa ya kumwambia mhubiri.

Nikaruka kutoka 4.2 hadi 4.8 mara moja. Skrini ya bluu. Nikaongeza volteji. Skrini ya bluu tena. Nikaongeza. Ikawaka.

Joto likagonga nyuzi 95. Nikafungua ubavu wa kesi ya PC, nikaelekezea feni ya mezani. Nikaipima dakika kumi, haikuzima. Nikajiita fundi.

Kwa log ya Windows, daftari lake la matukio, kulikuwa na maonyo, mstari baada ya mstari, kwamba prosesa imekosea ikajisahihisha. Niliyaona. Nilifunga dirisha.

Wakuu, hapa nisimame kidogo. Wengi wetu tunadhani overclock mbaya itajionyesha kwa PC kuzima. Ile inayozima ina huruma. Ile ya kuogopa ni ile inayoendelea kufanya kazi, inakosea hesabu kidogo hapa na pale, halafu inaandika jibu la uongo kwa diski yako kana kwamba ni la kweli.

Diski ilikuwa inajaa. Nikachukua rekodi zote za Moraa, nikazibana kuwa kifurushi kimoja. Kazi ikaisha haraka ajabu, nikafurahi. Nikafuta folda ya mwanzo. Kifurushi sikukifungua hata mara moja kuhakikisha.

Siku tatu baadaye, nikiwa na faili nyingine kibao nimeandika juu ya nafasi ile, nikakifungua nianze kuhariri.

Faili imeharibika.

Nikarudisha setting za kiwandani. Imeharibika. Nikampelekea Hussein diski. Alikaa nayo wiki nzima. Hakuniambia "nilikuambia", na hiyo iliniuma zaidi. Alisema tu, "Kosa limetokea karibu na mwanzo. Kwa vile ulizibana pamoja, kila kitu baada ya hapo kimeenda."

Zilipona dakika kumi na moja. Karibu zote ni mzee akiuliza kama simu imeanza kurekodi, na akimwambia Moraa amletee kiti kingine.

Niliwaambia siku ya Sabato, alasiri, baada ya kanisa. Mzee alikuwa amerudi nyumbani, shingo imefungwa bandeji, anaandika kwa daftari akitaka kitu.



"Ulitaka mashine ikimbie," Moraa akasema. "Ilikuwa inakimbia kwenda wapi?"

Nikaitoa laptop niliyokuja nayo. 

Mzee akanyoosha mkono kwa laptop. Nikamchezea hizo dakika kumi na moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anasikiliza mtu anayemjua kwa mbali. Zilipoisha akachukua daftari, akaandika: Rudia.

Nilirudia mara tatu.

Somo langu, kwa anayetaka kusikia: kabla ya kugusa BIOS, weka nakala ya kazi yako kwa diski nyingine kabisa. Jua volteji ambayo chip yako inabeba, usikope ya mtu. Usiache ubao mkuu wa kompyuta (motherboard) ujichagulie volteji wenyewe. Cooler kwanza, kasi baadaye. Pima kwa programu inayokagua makosa, na log ikionya, amini log. Na usifute asili kabla hujafungua nakala na kuiona kwa macho.

Kama mashine ni ya game tu, haya, pandisha, ukiharibu utacheza tena. Ya kazi za watu, iache.

PC yangu sasa inatambaa na siisumbui.

Mwenye mbinu ya kufufua kifurushi kilichooza, niandikie hapo chini, bado nimekihifadhi. Mwenye matusi pia aandike, asiogope. Moraa amewatangulia, na tangu siku hiyo nikimpigia simu hapokei.