Sura ya Nne ya Mchwa

Chini ya maktaba ya chuo kuna chumba ambacho siku hizi hakitoi sauti. Zamani ukishuka zile ngazi kumi na mbili ulisikia nyundo ndogo ikigonga mgongo wa kitabu, kisha kisu kikubwa cha kukatia karatasi kikishuka kwa mkupuo mmoja, kisha kimya kifupi, kisha kicheko cha mwanamke aliye peke yake. Wasiomjua walidhani fundi majalada ana walakini kichwani. Waliomjua walijua amefika mahali patamu.

Maana fundi huyo, ambaye wanafunzi wote walimwita Shangazi, alikuwa na tabia moja ambayo haikuandikwa kwenye barua yake ya ajira: alisoma alichoshona. Miaka ishirini na miwili alishona tasnifu za vitivo vyote, na zote zilipita machoni pake kabla ya kupita sindanoni. Alijua kutu huanzia wapi kwenye bati. Alijua ini la chura linakuwaje likinyweshwa maji ya kiwanda cha ngozi. Alijua kwa nini madereva wa malori huwadanganya wanaowahoji kuhusu usingizi. Nyumbani, mdogo wake alikuwa akimtania, "Dada, wewe wangekupa shahada kwa kilo."

Chuo nacho kilijivunia wingi huo. Langoni palisimama bango refu lenye picha ya darubini na picha ya mama anayehojiwa, na maandishi kwamba hapa utafiti ni wa kila aina. Ila kanuni zilitaka kila aina ivae sare: herufi za ukubwa mmoja, pambizo za upana mmoja, kurasa zihesabiwe upya kila sura, na sura ya nne iitwe Matokeo na Mjadala, awe mtu amechunguza nyota au amechunguza nyonga. Zikiwa bado karatasi zilizolegea, bila jalada, kazi za wanafunzi zilifanana kama njiti za kiberiti.

Siku moja zikafika mezani tasnifu mbili, nakala nne nne. Moja ilihusu mchwa, ya mtu mzima mwenye watoto watatu aliyekaa miaka sita akichungulia vichuguu. Nyingine ilihusu ugomvi wa wapangaji kwenye nyumba za ghorofa. Shangazi alikuwa ameyatoa mafungu ya sura ya nne ya zote mbili, anasoma jinsi vibarua wasio na macho wanavyobeba udongo mdomoni chumba hadi chumba, simu ikalia: gundi imefika, njoo usaini. Aliporudi, akili bado iko kichuguuni, aliwaweka mchwa kwa wapangaji na wapangaji kwa mchwa. Akashona. Akavisha majalada meusi, akapiga majina kwa rangi ya dhahabu.

Miezi mitatu baadaye akatamani kumaliza habari ya mchwa wake. Mchana, wenzake wakiwa wameenda kula, alipanda maktaba, akafungua sura ya nne, akakutana na mpangaji wa ghorofa ya pili anayeapa kwamba hashuki na ndoo mpaka yule wa ghorofa ya tatu aombe radhi.

Akaishusha rafuni na ile ya wapangaji; mchwa walikuwa humo. Tasnifu zote mbili zilikuwa zimeshatetewa, na zote zilikuwa zimefaulu. Yeye ambaye hakuwahi kumpotezea mtu hata ukurasa, sasa alikuwa amewabebesha watu wawili kazi isiyo yao, na dhahabu juu.

Akaenda kwa profesa wa wadudu.

"Profesa, nimekosea. Sura ya nne ya mwanafunzi wako siyo yake."

"Haiwezekani. Niliisoma."

"Uliisoma mpaka wapi?"

"Shangazi, ripoti ya utahini niliandika mwenyewe. Sura ya nne inajadili matokeo kwa kina. Maneno yangu hayo."

Akamfungulia kitabu. Profesa akasoma habari ya ndoo, akairudia.

"Kwa kina," Shangazi akasema, "mpaka ghorofa ya tatu."

"Punguza sauti."

Profesa wa elimu ya jamii, aliyetahini ile ya wapangaji, alikuwa mbaya zaidi, kwa sababu yeye alisoma kweli, walau kurasa mbili. Ripoti yake ilisifu ujasiri wa mtahiniwa aliyethubutu kuwaita wapangaji vibarua vipofu, na mwenye nyumba malkia asiyetoka chumbani. Alipoambiwa hao ni mchwa, aliifunga ripoti yake. "Hata hivyo," akasema, "hoja inasimama."

Kesho yake mtu wa mchwa, ameshasikia kwa profesa wake, akashuka zile ngazi mbio mbio.

"Shangazi, nimeshapata kazi ya kufundisha. Ukigusa kile kitabu wataniita nitetee upya. Niache tu, nakuomba."

"Na mchwa wako?"

"Mchwa watajijua."

"Miaka sita umelala kifudifudi kwenye vichuguu, leo watajijua?"

Akawa anachokonoa kucha ya kidole gumba.

"Dada, nani atajua?" mdogo wake naye akamuuliza nyumbani.

"Mimi nimeshajua."

Basi akazichukua zile nakala mbili za maktaba, akakata nyuzi, akamrudishia kila mmoja chake, akashona upya. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kufanya jambo kwa kificho, akaandika barua kwa uongozi wa chuo kueleza alichofanya.

Kamati ya watu saba ikakaa. Ikaona kwamba kubadilishana kwa sura hakukuwa kosa, kwa kuwa watahini waliidhinisha. Kosa ni kugusa hati iliyoidhinishwa. Ikaagiza fundi azirudishe tasnifu katika hali ambayo zilifaulu nayo.

"Mnataka niwarudishe wapangaji kichuguuni," Shangazi akasema.

"Tunataka hati ilingane na ripoti," mwenyekiti akajibu.

"Mara ya kwanza nilikosea. Nikirudia kwa amri yenu, hiyo haitaitwa kukosea. Sishoni."

Mjumbe mmoja akaona amsaidie. "Shangazi, kazi yako ni kushona. Siyo kusoma."

"Sawa. Na ya nani kusoma?"

Kwenye muhtasari wa kikao swali hilo liliandikwa hivi: mtumishi alikataa kushirikiana.

Tasnifu zikapelekwa duka la fotokopi mjini, zikanyofolewa, zikabandikwa kwa gundi ya moto. Mwaka uliofuata mtafiti mwingine alimnukuu mpangaji wa ghorofa ya pili kama ushahidi wa tabia za mchwa vibarua, na naye akafaulu. Mtu wa mchwa anafundisha. Wanafunzi wakimwomba tasnifu yake huwaambia waanzie sura ya tano.

Shangazi yuko bohari ya viti vya mitihani, nyuma ya jengo la utawala. Anafungua saa mbili asubuhi, anafunga saa kumi jioni. Mle ndani hamna cha kusoma.