Ujumbe wa Alhamisi

Miaka ile ya tisini nilikuwa mtu wa redio kolu, ile ya kuitana na vituo vya mbali, kwenye yadi ya malori Kibondo, malori yaliyopeleka unga na mafuta kwenye kambi za wakimbizi. Fundi wetu wa injini alikuwa Mrusi wa miaka ishirini na mbili, mrefu kiasi kwamba hakuna mlango pale yadi ambao hakuwahi kuugonga kwa kichwa. Sisi tulimjua kwa ufundi. Mwenyewe alijiona mchezaji wa mpira wa kikapu aliyekwama.

Alinisimulia kwa Kiingereza chake kibovu na changu cha shule, tukila mahindi ya kuchoma. Akiwa na miaka kumi na miwili, kocha alipita darasani kwao akipima viganja vya watoto kwa rula. Chake kikamtoa kwa mama yake, kikampeleka bweni la michezo. Alipofika kumi na tisa akasaini timu ya kulipwa. Msimu wa kwanza alikaa benchi akiwashikia wenzake taulo. Wa pili wakaanza kumwingiza, na siku moja akafunga pointi kumi na moja, ambazo alinisimulia moja baada ya nyingine. Kisha nchi yao ikavunjika, mishahara ikakatika, wakawa wanalipwa nyama ya kopo. Mjomba wake, rubani wa ndege za mizigo, akamleta huku.

"Wakiniita naondoka siku hiyo hiyo," aliniambia. "Nikipita ishirini na tatu hawatanitaka tena."

Jioni tulicheza kwenye uwanja wa sementi wa shule. Mimi ni mfupi, na kabla yake nilikuwa mchezaji wa kujaza nafasi tu. Alipokuja nikajifunza jambo moja: kumrushia mpira juu. Basi nikawa mtu! Akina mama wa sokoni wakaanza kuniita kapteni. Majirani zetu wa Kasulu walizoea kutufunga na kutucheka kwamba tunacheza kama tunaopalilia mihogo. Mechi nyingine ikapangwa Jumamosi, kwao.

Alhamisi asubuhi mwenzangu wa redio Kigoma aliniita. Akasoma ujumbe wa Kiingereza, nami nikaurudia neno kwa neno kama ilivyo kawaida ya kazi, nikiuandika. Timu ya Mrusi imepata tajiri mpya, inamtaka kwa majaribio. Ndege ya mjomba itaondoka Kigoma Jumamosi saa nne asubuhi. Asipokuwemo, nafasi anapewa mwingine.

Nikachomoa karatasi daftarini, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Sitaki kutafuta maneno mazuri: niliiba. Nilijiambia kwamba ndege ni nyingi, atapata nyingine. Hata mimi mwenyewe sikuyaamini. Mchana Mrusi alichungulia dirishani akauliza kama kuna lolote, nikamjibu kwamba mvua imeharibu mawimbi.

Jumamosi tulipanda lori kwenda Kasulu, barabara ile ile iendayo Kigoma. Saa nne ilipofika tulikuwa bado njiani, naye amekaa mbele yangu anaimba wimbo wa kwao. Nilitazama saa, kisha nikatazama pembeni.

"Leo mmeazima mnara!" watu wa Kasulu walitupigia kelele.

Tuliwafunga. Nikabebwa juu juu, na nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko lingine lolote, kwamba nilifurahi kweli.

Jumapili nikampa karatasi, nikamwambia imeingia sasa hivi. Aliisoma mara mbili, akanivuta mkono mpaka chumba cha redio, akanisihi niulize kama ndege bado ipo. Nikaita Kigoma.

"Iliondoka jana," sauti ya mwenzangu ikajaa chumba. "Mjomba wake alimsubiri mpaka saa tano. Lakini kaka, si nilikupa ujumbe Alhamisi? Tena ukaurudia wote!"

Kiswahili cha Mrusi kiliishia kwenye salamu na majina ya spana. Akanitazama.

"Anasema nini?"

"Anasema ndege imekwenda," nikamwambia. "Anasema pole sana."

Alikaa juu ya dumu tupu. Nilijua kwamba neno moja tu lingenitua mzigo, na sikulitamka. Hatimaye akajifuta uso kwa kiganja, akaniomba nimshukuru yule bwana kwa pole yake.

Nikabonyeza kitufe, nikamshukuru.