Kabichi ya Katikati

Bustani ya kijiji ilikuwa kando ya mto, na mwezi wa saba, jua likishakausha kila kitu, kabichi zake ndizo tulizozitegemea. Mimi nilikuwa katibu wa bustani. Walinichagua kwa kuwa nilimaliza darasa la nne na nilikuwa na daftari. Sina hakika kama hizo zilikuwa sababu za kutosha.

Mwaka uliotangulia watu walikata kabichi kubwa, ndogo wakaziacha zioze. Kwa hiyo nikaweka utaratibu. Kila mstari kaya mbili, kwa mfuatano wa majina daftarini: mmoja anaanzia mtoni, mwenzake njiani, wakutane katikati. Unachokata ni chako. Lakini mstari usipokwisha, wote wawili hawabebi kitu. Na hakuna kusaidiwa. Asubuhi hiyo mzee mmoja aliomba nimtenge na ndugu yake waliyegombana naye. Nikakataa. Bibi mwenye mgongo mbovu akaomba mjukuu amsaidie. Nikakataa. Orodha ni orodha, nikasema, nikaendelea kusoma mpaka nikafika kwenye jina langu. Lilikuwa pamoja na la mama mkwe.

Watu wakaguna, "Eeeh!"

Kwetu mkwe hasogelewi. Ukimwona njiani, unaingia porini apite. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Katibu, hutaki kubadilisha?" Ningebadilishaje, na yule mzee ananitazama?

Mke wangu alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue, na alikuwa ameniambia, "Leo ukirudi bila kabichi, usirudi."

Tukaanza. Wenzetu walikata mbio. Mimi nilikata moja, nikafuta kisu, nikakagua majani kama yana wadudu. Nikachungulia: na yeye alikuwa anakagua wadudu. Lakini hata kinyonga hufika. Ikabaki kabichi moja, yeye hatua chache huku, mimi hatua chache kule, tumepeana migongo.

Nikaenda kichakani kama mwenye haja, ili aikate. Niliporudi ilikuwa bado ipo. Kumbe na yeye alikwenda kichaka kingine.

Mistari mingine yote ilikuwa imekwisha. Watu wakakaa kwenye matuta kututazama.

"Katibu, hiyo moja unaiweka mbegu?"

"Mwacheni, anaiombea!"

Mwalimu wa shule, mgeni aliyeletwa kutoka Tanga, akashangaa. "Jamani, si kabichi tu? Ngoja niikate mimi."

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Hakuna kusaidiwa." Yule bibi wa mgongo alikuwa amekaa pale pale, amejishika kiuno. Leo nadhani ningewaruhusu wote wawili, yeye na mwalimu. Sijui.

Ndipo mama mkwe akasema. Hakuniambia mimi, aliiambia kabichi. "Wewe kabichi, pole. Umeshikwa na mtu mwenye daftari. Huko nyumbani kuna mzazi ana njaa, na mwenye daftari amesimama kama nguzo." Kisha akachuchumaa, akajifunika kanga kichwa kizima. "Haya. Mimi sipo."

Nikasogea kwa kunyata, nikaikata. Hapo nikakwama tena. Ilikuwa ya nani? Ilikuwa katikati kabisa. Kuichukua yote ni wizi, kumwachia yote ni kujionyesha. Nikatoa kamba mfukoni, nikaizungusha kabichi, nikaikunja kamba mara mbili kupata nusu.

Kutoka ndani ya kanga: "Ameondoka?"

"Bado, mama!" wakajibu wote. "Anapima!"

"Anapima nini?"

"Kabichi!"

Kanga ikatikisika. Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa akilia. Nikapasua, nikaweka nusu yake juu ya kikapu chake, nikakimbia na changu. Mwalimu alikuwa amelala chali kwenye tuta kwa kicheko. Mwenyekiti akatangaza kwamba mstari umekwisha.

Nilifika nyumbani na kikapu kimejaa, nikapokelewa vizuri. Kabla ugali haujaiva, binti wa jirani akaingia na ile nusu nyingine imefungwa kwenye jani la mgomba. Mama mkwe alikuwa amemletea mwanawe aliyejifungua, pamoja na salamu.

"Mama yako amesema, mwambie mumeo nusu ya mama ilikuwa ndogo," binti akamwambia mke wangu.

Nikazichukua zote mbili, nikaziunganisha mbele ya mke wangu. Nikatoa kamba.

"Weka hiyo kamba," akasema, "nipike."

Kwa hiyo mpaka leo sijui.