Fundi Redio na Tatu za Kopa

"Bi Mize, yule fundi redio leo kagombana na nani?" aliniuliza jirani yangu Bi Nadhira, siku ya kwanza alipomsikia akicheza karata za briji kwenye baraza yetu hapa Madungu. Nikamwambia hajagombana na mtu, kapata karata mbovu tu. Mchana kutwa husema polepole, mpaka mteja ainame ndiyo amsikie. Lakini baada ya laasiri, akishika karata dhaifu zenye kopa nyingi, hujikuna sikio kwa bisibisi, kisha hupaza sauti kabla wenzake hawajataja chochote: "Tatu za kopa!" Ndiyo kuahidi kushinda mizunguko tisa, kopa ikiwa turufu; hupanda juu mara moja ili wapinzani wakose nafasi ya kuelewana. Hawachezei pesa, alhamdulillahi. Anayeshindwa hupika kahawa, na wiki hii fundi kapika kila siku. Jana fundi alipotaja tatu zake, Mzee Kificho, mpinzani wake, aliinua macho akanitazama mimi ninayekaanga bajia nyuma ya fundi, karata zake zote naziona. "Bi Mize anacheka," akasema, "basi huyu hana kitu. Dabo!" Yaani fundi akishindwa, alama anazopoteza ziwe mara mbili. Baraza nzima ikaangua kicheko. Fundi akashindwa, akapika kahawa, akaniletea kikombe cha kwanza kwa mikono miwili. Akasema kwa ile sauti yake ndogo: "Dada yangu, nikitaja tatu, naomba utazame bajia zako."